Mashine ya Mlingoti

Watu wa mtaa ule walishazoea kumwona Spoki akiburuta vitu vya ajabu kuelekea karakana yake: fremu za baiskeli zilizopinda, viti vya wagonjwa visivyo na magurudumu ya nyuma, matoroli yaliyogongwa yakasahaulika. Kwa hiyo asubuhi ile alipotokea uani akivuta dude refu la chuma lililojaa kutu na utando wa buibui, hakuna aliyeshtuka. Walichobaki nacho ni kubahatisha.

"Ngazi," alisema Kinyozi, ambaye kibanda chake kinapakana na karakana na ambaye hajakosa la kusema tangu azaliwe. "Ngazi iliyochoka ikalala."

"Siyo ngazi."

"Kitanda cha mtu mwembamba."

"Kinyozi, mwangalie mteja wako kabla hujamtoa sikio."

Ilikuwa mashine ya kupiga makasia. Yaani mtu anakaa humo ndani ya nyumba kavu kabisa, anafunga miguu kwenye vibao viwili, anashika kishikio kilichofungwa kwenye mnyororo, anavuta. Kiti kinateleza nyuma na mbele juu ya reli, feni kubwa iliyofichwa mbele inazunguka na kuvuma, na mwisho wa yote mtu anatoka jasho jingi na hajaenda popote. Kinyozi alipoelezwa hivyo aliuliza aliyeibuni alikuwa anamkimbia nani.

Ilikuwa mali ya marehemu baba yake Spoki, mpima ardhi ambaye mtaa mzima ulimwita Mlingoti, hata mkewe siku za hasira, kwa sababu hapakuwa na mlango ambao hakuwahi kuugonga kwa paji la uso. Aliinunua wakati Spoki na kaka yake wakiwa shule, akaileta kwa mkokoteni kwa mbwembwe, akaita majirani washuhudie inavyoingizwa stoo. Wiki hiyohiyo mgongo ukamkaza, akalala chali, kugeuka hawezi. Lakini Mlingoti hakuwa mtu wa kushindwa hadharani. Tangu hapo kila mgeni aliyekaa kwenye kochi lao aliambiwa kwamba mwenye nyumba hupiga makasia kila alfajiri kabla hajanywa chai. Watoto walikuwa wakitazamana na kung'ata midomo. Mama yao alikuwa akimimina chai bila kupepesa jicho.

Alipofariki, vitu vyake viwili vilihamia karakana. Kimoja kilikuwa mkanda wa suruali, ambao Spoki aliutundika ukutani akaufanya kamba ya kuning'inizia tyubu. Mlingoti alikuwa mwembamba kupita mikanda ya madukani, kwa hiyo kila mkanda alioununua aliuongezea matundu yake mwenyewe kwa msumari uliopashwa motoni. Cha pili kilikuwa kengele ya baiskeli yake. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kengele: akianza kuipiga kule kona, haachi mpaka afike mlangoni, njia iwe na watu au iwe tupu. Spoki alisema wazi kwamba kengele ile ndiyo iliyomfanya apende baiskeli, na alikuwa ameifunga kwenye mwimo wa mlango wa karakana ili wateja waipige.

Mashine ilitolewa stoo kwa sababu ya goti la mama.

Goti lilifanyiwa upasuaji, kidonda kikapona vizuri, daktari akafurahi. Aliyekataa kufurahi ni mama mwenyewe. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mguu umenyooka juu ya kigoda, kutwa nzima. Mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole, alikuwa anakuja kumwonyesha jinsi ya kukunja na kukunjua. Mama anaitikia, ndiyo mwanangu, nimeelewa mwanangu. Binti akishafunga mlango, anajitia hamnazo.

Kaka mkubwa, aliyeishi mji mwingine, alikuwa amekata kauli. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja na gari. Kama atamkuta mama anainuka mwenyewe na kushuka ngazi za uani bila kushikwa, sawa, atabaki. Kama sivyo, anamchukua akakae kwake, na nyumba itapangishwa. Spoki alipobisha kwamba yeye yupo, kaka alimjibu kwa upole, "Wewe uko karakana mchana kutwa na nyundo. Akianguka utamsikia?" Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Spoki zaidi, maana mtu mbaya ungeweza kugombana naye. Mama alipopewa habari alisema tu, "Mwambie aje," kisha akageuka kutazama dirishani. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akifunga na kufungua mlango wake mwenyewe sasa alikuwa tayari kubebwa kama furushi, na Spoki aliogopa utulivu ule kuliko ambavyo angeogopa kelele.

Kilichomchokonoa ni neno moja la yule binti wa viungo. Alikuwa amesema wakati anavaa viatu, "Kama hataki kusimama, basi akae, lakini goti lisogee. Hata kwa kuteleza." Spoki alilala na neno kuteleza kichwani, akaamka nalo, akaenda kufungua stoo.

Mama alimwona kupitia dirisha. "Hiyo ni ya baba yenu," alisema, na sauti ilikuwa kali kuliko sauti yoyote aliyoitoa tangu atoke hospitali. "Iache ilipo. Mtaipangusa vumbi mkishanizika."

"Naiangalia tu, mama."

"Wewe hujawahi kuangalia kitu ukaishia hapo."

Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Spoki alikuwa na mazoea yake ya kazi. Hafungui nati hata moja kabla hajakitazama kitu kilivyolika. Pedali ya kushoto ikiisha kabla ya ya kulia, anajua goti lipi linamuuma mwenye baiskeli. Tandiko likibonyea upande mmoja, anajua mfuko upi una simu. Wateja wengine walikuwa hawapendi tabia hiyo, hasa wenye mambo yao. Sasa aliizunguka mashine ya baba yake akitarajia kukuta kitu kipya kilichozeeka kwa kukaa tu: kutu nyingi, uchakavu hamna. Mashine iliyotumika siku chache itakuwa imelika wapi?

Ilikuwa imelika kila mahali.

Vigurudumu vya kiti vilikuwa vimeisha mpaka vikapata bapa. Mpira wa ndani, ule unaorudisha mnyororo baada ya kuvutwa, ulikuwa umelegea. Gia ndogo ilikuwa na meno makali, dalili ya kazi ya miaka. Na reli ilikuwa na jambo lake. Nusu ya mbele ilikuwa imesuguliwa ikang'aa chini ya kutu, nusu ya nyuma bado ilikuwa na rangi ya kiwandani. Spoki alikaa kwenye kiti, akafunga miguu, akajisukuma. Kiti kikapita mpaka wa mng'ao na kuendelea nyuma. Naye alikuwa mrefu, kamrithi baba, lakini Mlingoti alimzidi kwa kichwa kizima. Mzee yule angekaa pale, angeisugua reli yote mpaka mwisho na bado magoti yangebaki juu.

"Aliyetumia hii alikuwa mfupi," alisema kwa sauti.

"Mwizi," alisema Kinyozi kutoka upande wa pili. "Mwizi mfupi. Anaruka ukuta, anafanya mazoezi, anarudi kwao."

Kishikio kilikuwa kimeviringishwa kitambaa kilichokauka kama gamba, chenye madoa mawili meusi ya viganja, yamekaribiana sana. Spoki alikilowanisha kwa maji ya sabuni, akasugua kwa brashi ya meno. Polepole ikatokea michoro ya vikombe vidogo vya njano. Alivitambua. Lilikuwa pazia la jikoni la utotoni mwake, lile ambalo siku moja lilibadilishwa bila maelezo. Akajiambia labda baba aliliiba. Lakini hata yeye mwenyewe hakuliamini hilo, kwa sababu Mlingoti hakuwahi kujua pazia la jikoni lilikuwa rangi gani.

Aliendelea na kazi huku akili inamwasha. Aliipiga reli msasa mpaka mkono ukafa ganzi. Mnyororo aliuloweka kwenye mafuta ya taa. Vigurudumu vya kiti alivitengeneza upya kutoka kwenye vile vidogo vya mbele vya kiti cha wagonjwa. Mpira wa kurudisha alisuka wa kwake, kwa tyubu zilizokatwa ndefu ndefu. Mikanda ya miguu ilikuwa imekauka na kupasuka, akaitupa kwenye pipa la chakavu, akamwagiza fundi viatu amtengenezee mingine. Ikabaki friwili, yaani ile gia inayoshika ukienda upande mmoja na kujizungusha bure ukienda mwingine. Hiyo hakuiwazia hata kidogo, maana amefunga friwili za baiskeli mpaka anaota. Kwenye baiskeli friwili inatazama nje. Mkono wake ukaifunga inatazama nje, akakaza, akakaa kwenye kiti, akavuta.

Mnyororo ulitoka mwepesi, tikitikitiki, feni imetulia kimya. Alipoachia, friwili ikashika, kishikio kikarudi kwa kusitasita, na feni ikajikokota kuvuma. Akavuta tena. Ikawa vilevile, kazi hamna kwenye kwenda, ubishi kwenye kurudi. Kinyozi alichungulia akasema sasa inapiga makasia kinyumenyume, mtu ataishia alikotoka jana.

"Umeigeuza!"

Sauti ilitoka dirishani kwa mama.

"Nini, mama?"

"Hilo linalolia tikitiki, umelifunga kinyume! Linatakiwa livume ukivuta, lilie ukirudi. Wewe linalia ukivuta, linavuma ukirudi. Hata masikio huna?"

Mashine ya kunyolea ya Kinyozi ikazimwa. Spoki alibaki ameshika kishikio katikati ya hewa. Mama alikuwa amesema kweli, na Spoki, fundi mzima mwenye mikono yenye grisi tangu ujana, alikuwa ameumbuliwa na mtu ambaye hakuwahi kushika spana. Lakini hakuona haya. Aliona kitu kingine kikijipanga kichwani: reli nusu, viganja vilivyokaribiana, vikombe vya njano.

"Mama, umejuaje?"

Mama alirudisha uso ndani ya dirisha. Kisha, "Nilikuwa nikimsikia baba yenu."

"Baba yupi? Huyu aliyevuta siku mbili akalala wiki mbili?"

Spoki alifungua kishikio kutoka kwenye mnyororo, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani. Alikiweka tu mapajani mwa mama yake. Mama alikitazama, akakishika, na viganja vyake viliangukia palepale kwenye madoa mawili meusi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kigoda kikatikisika chini ya mguu.

"Mkishaondoka," alisema, "wewe na kaka yako shule, yeye kazini, naingia stoo, nafunga mlango. Siku ya kwanza nilitaka tu kujua kitu kilichomlaza mwanaume mzima. Nikavuta, ikavuma. Nikavuta tena. Nyumba hii kila mtu alikuwa ananiita, mama hiki, mama kile, mama soksi. Mle ndani hakuna aliyeniita. Nafumba macho, nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Mbali. Siku nyingine nafika. Siku nyingine nageuzia njiani maana nasikia harufu ya sufuria linaungua."

"Na baba hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba chombo kilichomvunja yeye, mkewe anakichezea? Mtu ameshawaambia wageni wote kuwa anapiga makasia alfajiri. Nimvue nguo mbele ya watu?" Alitikisa kichwa. "Nilimwachia majivuno yake. Hayakunipunguzia chochote."

Spoki alikaa kitandani mwa mama. "Sasa kwa nini hukutaka niiguse?"

Mama aliacha kucheka. Alilitazama goti lake kama mtu anayemtazama mgeni asiyeondoka.

"Naogopa," alisema. Neno hilo Spoki hakuwahi kulisikia kinywani mwake, hata hospitali. "Hapa nilipo naweza kujidanganya kwamba sijajaribu. Nikikaa pale nikashindwa, basi nimeshindwa kweli. Kaka yako atanibeba na mimi mwenyewe nitajua ni haki."

Spoki aliinuka akaenda kugeuza friwili.

Binti wa viungo alipopigiwa simu alikubali haraka: ateleze taratibu, asivute kwa nguvu, mtu asimame pembeni. Kinyozi alisaidia kuibeba mashine mpaka chumbani kwa mama, akijigonga kila kona na kulaumu kona. Mama alisogezwa, akakaa. Mikanda mipya ya fundi viatu ilikuwa inang'aa. Spoki akamfunga. Mama akajisukuma kidogo, na mguu ukachomoka.

"Unanipwaya huu," alisema mama. "Ile ya zamani iko wapi? Nilikuwa natumia tundu la mwisho."

Spoki alikwenda kuchakura kwenye pipa. Alirudi na mmoja, anautazama njiani, na alipofika mlangoni hakuingia. Mkanda ulikuwa na matundu ya kiwandani, kila moja na pete yake ya bati, yamejipanga vizuri. Lakini la mwisho halikuwa na pete. Lilikuwa peke yake, limekwenda upande kidogo, na kingo zake zilikuwa nyeusi, zimeungua.

"Mama, tundu hili ulilichoma na nini?"

"Kuchoma? Mimi sijachoma tundu. Mwanzoni miguu ilikuwa inachomoka hivihivi, nikawa naifunga kwa kamba. Siku moja nikaona kumbe kuna tundu jingine. Nikajicheka kwa kutoliona siku zote."

Spoki aligeuka akaenda karakana. Aliutoa ukutani mkanda wa suruali, tyubu zote zikamwagika sakafuni, akaziacha. Alirudi, akapiga magoti, akailaza mikanda miwili kwenye mapaja ya mama yake, mmoja kando ya mwingine. Matundu ya msumari wa moto, yale ya kwenye mkanda wa suruali, na lile moja. Weusi uleule wa kingo, na kwenda upande kulekule, maana Mlingoti alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Mama alipitisha kidole juu ya tundu moja baada ya jingine. Alirudia. Kinyozi, kwa mara ya kwanza, alikuwa hana la kusema.

"Alijua," alisema mama.

Kisha akainua uso ghafla. "Kengele!"

"Kengele gani?"

"Kengele yake ile! Mtu anapigaje kengele tangu kona, njia haina hata kuku? Kazi yake ilikuwa inaisha saa yoyote, siku nyingine anarudi mapema. Nikiisikia nafunga stoo mbio, najifuta jasho, akiingia ananikuta jikoni nimetulia. Miaka yote najisifu nina akili!" Akajifunika uso kwa ule mkanda mkavu. "Mlingoti wee! Mwongo mkubwa wee!"

Alilia na kucheka kwa pamoja, na Spoki naye akalia, kwa sababu wazee wake wawili walikuwa wameishi nyumba moja wakifichana kitu kilekile, kila mmoja akimlinda mwenzake asijue kwamba anajua. Kinyozi alitoka akisema ana mteja. Hakuwa na mteja.

Mama alipomaliza alijifuta kwa kanga yake, akanyoosha miguu kwenye vibao.

"Nifunge," alisema. "Tundu lake."

Siku ile kiti kilisogea kiasi cha shubiri, akauma meno. Kesho yake zaidi kidogo. Binti wa viungo akija, sasa anasubirishwa mpaka mama amalize. Mashine ilianza kuvuma asubuhi, kwanza kwa kukatika katika kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo, kisha kwa mtiririko. Siku moja Spoki aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu alilokuwa ananyoosha akamwona mama amesimama kwenye ngazi za uani, mkono ukutani, anashuka. Hakumsaidia. Ilimgharimu sana kutomsaidia. Mama alifika chini, akauondoa mkono ukutani, akatazama uani kwake pote kama anayekagua, akasema kuna mtu ameacha bomba linadondoka.

Jumamosi ile, gari la kaka lilikata kona mchana, likija polepole kwa sababu ya mashimo. Spoki alikuwa mlangoni mwa karakana. Ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, mashine ilikuwa inavuma. Kabla hajafikiri mkono wake ulikwisha kunyanyuka, ukaipiga kengele, ndefu, tangu gari likiwa kule kona mpaka lilipofika mlangoni.

Akatega sikio. Alikuwa na hakika mvumo ungekatika, kama ulivyokatika miaka yote ile.

Haukukatika.

Kaka alishuka na begi kubwa tupu mkononi. "Unanipigia kengele kama mzee," alisema, akatabasamu kwa huzuni. Kisha akasimama. "Nini hiyo inavuma?"

Spoki alimwelekeza kwa kidevu. Kaka alipita ukumbini, akafika mlango wa chumba, akagonga paji la uso kwenye mwimo, maana naye alikuwa mtoto wa baba yake. Mama alikuwa amefumba macho. Goti lilikuwa linakunjwa na kukunjuliwa, kiti kinakwenda na kurudi juu ya ile nusu ya reli iliyong'aa, mikono imeshika vikombe vya njano.

"Mama," aliita kaka. "Mama!"

"Kaa chini, mwanangu," alisema mama bila kufumbua macho. "Sijafika."

Kaka alitafuta pa kukaa, akaona kiti na kitanda viko ng'ambo ya mashine, akalikunja begi lake tupu, akalikalia.